Kidomo cha Marehemu Jamleck

Haya yalimpata Muhoro, mpiga tarumbeta tunayesali naye Riruta, na Mungu anisamehe, aliponisimulia mara ya kwanza nilimcheka.

Miaka sita alikuwa akingoja studio moja ya River Road imwite kurekodi. Siku ilipofika, akaingia na tarumbeta lakini kidomo cha kupulizia amekiacha nyumbani, ndani ya sufuria alimokichemsha kukisafisha.

"Nikimbie Riruta mara moja?" akamwomba Kulwant, mwenye studio.

"Ukienda, naita mwingine. Tumia hiki cha marehemu Jamleck, aliyekuwa akinipigia tarumbeta hapa. Kimekaa kwa droo tangu tumzike."

"Si nikioshe kwanza, bosi?"

"Wewe umekuja kurekodi ama kuosha vyombo?"

Kwa tamaa ya kazi akakipangusa na shati, akafumba macho, akapuliza. Kilikuwa na joto, tena kimelowa. Hata hivyo akaendelea kupiga mpaka stima ikapotea. Chumba chenyewe hakina dirisha. Gizani akasikia mtu akitafuna polepole, mdomo wazi, chwa, chwa, kisha akimeza. Sauti ilitoka ndani ya tarumbeta aliyoshika.

Stima iliporudi, akafungua kitundu cha kumwagia mate, kama wapigaji wote wafanyavyo.

Kulwant akatazama sakafu kwa kinyaa. "Na si umeokoka? Umeanza lini kula miraa kama Jamleck?"

Muhoro hajawahi kuionja. Mate mazito ya kijani, yenye vipande vya majani, yalizidi kumdondokea kiatuni, na yalikuwa bado moto.