Sababu ya Kuachia Jalada

Siku ya mwisho ya kupokea maombi ya rufaa, katika masjala ya Mahakama ya Juu palikuwa hapatoshi. Watu walibanana hadi kwenye ngazi, mawakili wakijipepea kwa makaratasi, na karani wa dirisha la pili aligonga muhuri mpaka kiganja kikafa ganzi. Ndipo akasogea mwanamke mwenye gauni la samawati lililomkaa sawasawa, na shingoni futi ya fundi cherehani.

"Dada, umekuja kutupima?"

Akajishika shingo, akacheka kwa haya. "Nimetoka mbio, kaka, nikasahau kuivua. Ila ukitaka nikupime, hilo shati mabega yake si yako."

Kweli tupu. Lilikuwa la kaka yake.

Fundi alikuwa akipigania nyumba ya marehemu baba yake, alimoishi na mama yake na kushonea katika chumba cha mbele. Baba mdogo aliidai, mahakama ya chini ikampa. Pamebaki hapa tu.

"Nimeonewa," alisema, "kwa hiyo mtanisikiliza."

"Taratibu, dada. Maombi ni mia na arobaini, yatakayosikilizwa hayazidi matano. Majaji hawaangalii kama umeonewa. Wanaangalia swali lako linagusa watu wangapi. Na ukikubaliwa, umekubaliwa kusikilizwa tu. Kusikilizwa si kushinda."

"Mnavyochagua hivyo, mtaoa lini nyinyi?"

Foleni nzima ikacheka. Karani akagonga muhuri pembeni ya karatasi.

Wiki iliyofuata Fundi alirudi na nakala iliyokuwa imepungua jaladani. Ilikuwa saa ya mapumziko, wakavuka barabara kunywa chai. Ilipoa vikombeni. Alasiri hiyo karani alirudi mezani akafanya jambo moja, na jambo hilo nitalisema wakati wake ukifika, msinikimbize.

Mapenzi yakaota. Baada ya mwezi karani akatamka kwamba anampenda, naye Fundi akamjibu kwa kulikata upya lile shati mpaka likamkaa. Simu zikawa hazikauki.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula. Ombi langu limefika wapi?"

"Hilo usiniulize, mpenzi. Niulize lingine lolote."

"Haya. Unanipenda?"

"Jibu lake unalo."

Fundi alicheka, lakini moyoni akaliweka. Mtu anayekupenda anakunyima hata neno moja?

Ijumaa moja orodha ikabandikwa ubaoni. Manne yamekubaliwa. La Fundi: limekataliwa. Sababu hakuna, mahakama ile huwa haitoi. Wakili aliyesimama kando yake akamwambia, kwa kumpoza tu, kwamba kila jalada makarani huliandikia muhtasari wa ukurasa mmoja, na jaji huanza na huo. Ukimchosha, basi tena. Fundi akapiga simu palepale.

"Ukurasa wangu uliuandika wewe?"

Karani alikuwa ameapa kutotamka kwa mhusika yeyote nani aliandika nini, na yeye kiapo alikishika kama kilivyo.

"Siruhusiwi kusema, mpenzi."

"Sawa. Na mimi nakukataa. Sababu sitoi."

Nyumba ikaenda. Fundi na mama yake wakahamia chumba cha kupanga mtaa mwingine, cherehani ikawekwa dirishani. Simu iliita kila siku saa saba, muda wa chai yao ya kwanza, naye aliisikiliza mpaka ikachoka. Siku ilipochelewa kuita alishona mkono wa kulia begani kushoto. Alimtamani yule mwanamume, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Karani naye alilivaa lile shati mpaka kola ikachanika, na kila futi aliyoiona shingoni mwa mtu ilimsimamisha njiani.

Mwezi wa nne Fundi alikwenda kuchukua hati zake. Alichagua siku ambayo karani huwa amepeleka majalada kwa majaji. Dirishani alikuwapo mama mtu mzima, mkuu wa masjala.

"Saini hapa, mwanangu. Ila soma kwanza. Ni daftari la mwendo wa jalada lako, likishaamuliwa ni haki yako kulisoma. Wengi wanasaini tu kama wanafukuzwa."

Fundi akasoma. Jalada limepokewa na karani wa dirisha la pili. Wiki moja baadaye, siku ile ya chai, mwandiko uleule: *Nimeliachia, aandike mwingine. Sababu: nampenda mwombaji.*

Aliirudia tarehe mara tatu. Mwezi mzima kabla hajamtamkia.

"Amenisumbua sana huyo," mama mkuu akasema. "Kanyong'onyea, hata muhuri anagonga juu chini."

Fundi akasaini, akatoka hadi kwenye ngazi, akakaa. Machozi yalimtoka kwa nyumba na kwa mengine yote. Saa saba simu ikaita. Akapokea.

"Fundi?" Karani hakutarajia kujibiwa.

"Ungebaki na jalada langu ungeniandikia vizuri."

Karani akaelewa ameshasoma. "Ningekuandikia vizuri mno. Ndiyo maana nikaliachia."

"Nyumba imekwenda."

"Najua. Nililia."

"Na mimi nilikukataa bila kukusikiliza."

"Naomba uupitie upya uamuzi."

Fundi akajifuta uso kwa ncha ya futi, maana leo pia alikuwa ameisahau shingoni.

"Ombi limekubaliwa. Jumamosi saa kumi, kwa mama. Uje na lile shati, na maelezo yako yasizidi ukurasa mmoja."

"Ina maana umenisamehe? Tutaoana?"

"Taratibu, kaka," alisema, na sauti ikamtetemeka. "Umekubaliwa kusikilizwa tu."