Bibi Asiyesema Asante

Alasiri ya Jumamosi, tarehe 1 Machi 2014, ilikuwa ya kawaida kabisa. Upepo ulikuwa umetulia, theluji ya kilele cha mlima Lanín ilionekana safi kama shuka iliyopigwa pasi, na shemeji yangu Osmar Bianchetti alikuwa akiendesha nyumba yake ya magurudumu huku akiimba kwa sauti mbaya. Nyuma alikaa dada yangu Nélida, katikati ya mbwa wawili: Mora, jike mzee mwenye mvi kidevuni, na Pampero, dume lisilo na adabu linalobwekea hata mawingu. Mimi nilikuwa mbele na ramani magotini. Nilistaafu ukarani wa masijala ya vizazi na vifo mjini Azul tarehe 30 Novemba 2012, mke wangu akafariki mwaka uliofuata, na Nélida akaapa kwamba sitaachwa nyumbani nikaota kutu. Ndivyo nilivyopata kitanda juu ya meza ya chakula ya Osmar, katika ziara ya maziwa na milima ambayo wale wawili waliipanga tangu siku za uchumba wao.

Namtaja Osmar kwa jina lake kamili kwa sababu yu hai, na nataka asome.

Mjini Junín de los Andes tulisimama kununua mikate ya kukaangwa. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, Bi Elcira Paillalef, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Alituuliza tunalala wapi.

"Ziwa Curileo," akajibu Osmar. "Ufuko wa kaskazini, penye kokoto nyeupe."

"Pazuri. Ila pale chai ya yerba kila mtu hunywa kwa kibuyu chake. Msinywe kwa duara."

"Kwa nini, bibie? Kuna mafua?"

Alimaliza kufunga mikate kwanza, ndipo akasema, "Kwa sababu duara halikosi nafasi ya mmoja zaidi."

Osmar alicheka mpaka garini. "Umesikia, karani? Mizimu ya huku inakunywa yerba! Ukiuona mmoja, uudai cheti cha kifo."

"Mwenyeji akikuonya, kunyamaza hakukupunguzii kitu," nikamwambia.

"Mwenye nyumba hii ya magurudumu ni nani? Mimi au wewe?"

Swali hilo aliniuliza kila siku, na kila siku Nélida alimpiga kofi dogo la begani na kumwambia, "Osmar, mwache kaka yangu." Hakuna mtu aliyemvumilia mwanamume yule kama dada yangu. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Kwetu sisi kibuyu ni kimoja, bomba la kunyonyea ni moja na mmiminaji ni mmoja. Anatia maji ya moto juu ya majani ya yerba, anakupa huku bomba likikuelekea, unanyonya mpaka bomba likorome, unamrudishia, naye anamtilia mwingine. Katika yote hayo neno asante halitamkwi. Likitamkwa lina maana moja tu: nimetosheka, nitoe kwenye duara. Na madhali yumo mtu ambaye hajalitamka, mmiminaji hana ruhusa ya kufunga themosi. Huu si ushirikina. Ni malezi, na waliokosa malezi hawawezi kuyanunua hata wakistaafu.

Mmiminaji wetu alikuwa Nélida. Alikuwa na tabia ya kutia ukanda mwembamba wa ganda la chungwa katika majani, kama alivyofanya mama yetu.

Tulifika Curileo jua likiwa bado kali. Osmar akatandaza viti vya kukunja, mbwa wakakimbia majini, Nélida akachemsha birika na kujaza themosi. Bila shaka tulikunywa kwa duara. Osmar alihakikisha hilo, tena kwa kelele. Kibuyu kilikuwa kimezunguka mara mbili nilipomwona bibi kizee akija kando ya maji. Alivaa koti la kahawia lililofungwa vifungo mpaka kooni, katika joto lile. Viatu vyake vilikuwa vimelowa chapachapa, ingawa alitembea pakavu. Hakusalimu. Alifika, akaketi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba viti vilikuwa vinne. Tuliondoka Azul na vitatu.

Pampero hakubweka. Alilala kifudifudi, akauficha mdomo wake chini ya miguu ya mbele. Mora naye vivyo hivyo.

Nélida, mwenye heshima zake, akamtilia mgeni. Bibi akanyonya, bomba likakoroma, akarudisha. Zamu ikapita tena, na tena. Mimi nikasema asante. Baadaye Osmar naye akasema. Bibi akarudisha kibuyu kimya, mikono yake ikabaki wazi magotini, ikisubiri.

"Themosi ilipaswa kuwa imekwisha," nikamnong'oneza dada yangu.

Aliitikisa. Macho yake yakanigeukia. "Kaka, imejaa."

Nikamwambia aendelee, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Osmar hakuweza kuvumilia. Damu ilimpanda mpaka masikioni, akasimama, akamnyang'anya bibi kile kibuyu angali amekishika mdomoni.

"Umetosheka, bibi! Hapa si kantini ya jeshi! Haya: asante! Nimekusemea mimi!"

Akakung'uta majani yote ziwani.

Bibi hakumtazama. Alimtazama Nélida, akanong'ona maneno pekee niliyomsikia akiyasema: "Sijatosheka." Kisha akainuka, akarudi alikotoka. Kokoto hazikulia chini ya miguu yake.

"Mpumbavu mkubwa!" nikamfokea Osmar. "Unampokonya mgeni kibuyu mdomoni? Mama yetu angekupasua kichwa kwa birika!"

"Mama yenu yuko wapi? Na yule mdoezi amekwenda, au hakwenda? Basi mimi ndiye niliyewafaa."

Nélida alikuwa akiifunga themosi. Kifuniko kilikataa kukaza.

Jumatatu, tarehe 3, tulikuwa ziwa jingine, ng'ambo ya milima, mwendo wa nusu siku kwa gari. Nilivitoa viti kwa mikono yangu mwenyewe, vitatu, kile cha nne tukiwa tumekiacha Curileo. Nikaingia ndani kuchukua sukari. Nilipotoka, vilikuwa vinne, na bibi alikuwa ameketi. Koti limefungwa mpaka kooni. Viatu vimelowa. Mbwa walikwisha kulala na midomo chini ya miguu. Nélida alikwenda kuchukua birika bila kuambiwa na mtu.

Na Osmar? Alikigeuza kiti chake, akalipa ziwa uso na sisi mgongo. "Mimi simwoni mtu," alisema. Lakini shingo yake ilikuwa inatoka jasho.

Jumatano dada yangu alianza kumimina tangu alfajiri. Hakula. Alimimina, akatoa, akapokea, akamimina. Nilipomshika mkono ili kumzuia, niliuachia upesi. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikatazama chini. Viatu vya Nélida vilikuwa vimelowa.

Nilimvuta Osmar nyuma ya gari. "Turudi Curileo leo hii. Umpe bibi kibuyu kwa mikono miwili, umwombe radhi, umngoje mpaka aseme neno lake mwenyewe. Ni lake. Hulisemi wewe."

"Nimwombe radhi kikongwe? Mimi? Nimeongoza watu ofisini miaka yote ile, nije kupiga magoti kwa mwombaji wa ufukoni?"

Nélida alikuwa ametufuata. Sauti yake ilitoka kwa mbali. "Osmar, mikono yangu haina joto."

"Vaa glavu," akamjibu.

Nimeishi miaka mingi, nimeandika vifo vya watu wazuri na wabaya, na sijapata kusikia maneno mawili yaliyonipandisha hasira kama hayo. Mke wake. Vaa glavu.

Alikubali kupita Curileo tarehe 7, Ijumaa, kwa sababu njia ya nyumbani ilikuwa hiyo tu. Alisimamisha gari juu ya kokoto, akafungua redio, akang'ang'ania usukani kama mtoto anayekataa kuoga. Nélida akashuka na themosi, kibuyu na kiti chake. Mora akamfuata polepole. Pampero hakutoka chini ya meza.

"Shuka, Osmar," nikasema.

"Sishuki."

"Neno moja tu. Sema radhi, basi tuondoke na dada yangu."

"Neno hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote."

"Ndiyo maana unaliogopa!"

"Toka kwenye gari langu, karani!"

Tulikuwa tumeshikana makoti, wazee wawili, mate yakiruka, nilipotazama nje kupitia kioo cha mbele. Migongo miwili ilikuwa vitini ikielekea ziwa, Mora katikati. Nikazima redio.

Safari hii themosi ilikuwa mkononi mwa bibi.

Bibi alimimina. Akatoa. Nélida akapokea kwa mikono miwili, akanywa taratibu. Bomba likakoroma. Nilisikia mkoromo ule kutoka ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa. Nikaelewa: sasa mmiminaji ni bibi, na neno la kutoka ni la Nélida. Nikaruka nje. Nikapiga kelele, "Nélida, usiseme! Usiseme!"

"Asante," akasema dada yangu.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepumzika.

Mguu wangu uliteleza. Niliangalia chini mara moja tu, nisianguke. Nilipoinua macho, viti vilikuwa vitupu. Themosi ilikuwa imelala juu ya kokoto, kavu, kana kwamba haijawahi kutiwa maji. Kibuyu hakikuwapo. Mora hakuwapo. Ziwa lilikuwa kama kioo, halina hata kiwimbi kama cha jiwe dogo lililotupwa.

Wapiga mbizi walitafuta wiki nzima bila kupata hata kifungo. Osmar aliwaambia polisi, "Alikuwa amechoka tu, akaenda kutembea." Alichoka! Niliposimulia niliyoyaona, ofisa kijana alinipa glasi ya maji na kuniuliza kama nina watoto wanaonitunza. Nilimchukua Pampero, nikapanda basi, nikarudi Azul. Osmar akarudi kwake Olavarría. Nyumba ya magurudumu aliiuza kabla ya majira ya baridi. Sikuzungumza naye tena, wala sikuonja yerba tena.

Tarehe 1 Machi 2018, Alhamisi, jikoni kwangu, saa za alasiri, nilikuwa nikimenya viazi. Nyuma yangu Pampero, ambaye sasa ni mzee na kiziwi, alilala kifudifudi. Akauficha mdomo chini ya miguu.

Niligeuka.

Kibuyu kilikuwa mezani. Povu lilikuwa bado limesimama. Kilifuka mvuke. Harufu ya ganda la chungwa ilijaa jikoni, harufu ya mama, harufu ya Nélida. Na bomba lilikuwa limenielekea mimi.

Machozi yalinitoka, sikatai. Nilinyoosha mkono. Kisha nikaona maji yakidondoka kutoka ukingo wa kiti cha pili, tone baada ya tone, ingawa kitini hapakuwa na mtu.

"Dada," nikanong'ona, "mimi nilisema asante yangu siku ile, kwa zamu yangu. Duara hili silo langu."

Nilikigusa kibuyu kwa ncha za vidole viwili. Nikakizungusha taratibu juu ya meza, bomba likaliacha tumbo langu, likaupita ukuta, likaelekea dirishani, upande wa barabara ya Olavarría. Nikaondoa mkono. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mezani lilibaki duara la maji tu.

Simu ililia kabla sijaketi.

"Hilario." Baada ya miaka minne, Osmar hakuniita karani. Alinong'ona. "Hilario, ni wewe uliyeniachia kibuyu mezani?"

"Kina ganda la chungwa?"

"Kina."

"Basi unajua ni cha nani. Umekunywa?"

"Nimekunywa. Hakiishi, Hilario. Nikikiweka chini, kinajaa. Nikikimwaga, kinajaa. Mikono yangu imeanza kupoa. Nifanye nini, shemeji?"

"Vaa glavu," nikamwambia.

Alilia. Nilimwacha alie, kisha nikamweleza kwa upole wote alionifundisha mama. "Au sema asante, Osmar. Ni neno moja tu. Siku ile ulilisema upesi, tena la mwenzako."

Badala ya neno hilo nilisikia bomba likikoroma.

Yu hai hadi leo, ninapoandika haya, kwa sababu hajalisema. Jirani zake wananiambia hatoki nje, na viatu vyake viko barazani, vimelowa, hata siku za kiangazi. Nami lile duara la maji nalifuta mezani kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Jioni hurudi. Juzi nililikuta limehama: liko ukingoni kabisa, mbele ya kiti changu.