Chaja Iliyogoma Nyumbani

Honi zilipigwa kana kwamba kuna harusi, na zote zilimlenga mtu mmoja: kijana mrefu wa shati la bluu, kifua kimejaa vumbi la njano la maua, amepiga magoti nyuma ya gari dogo la umeme lililoziba njia katika maegesho ya chini ya jengo la maduka. Gari lilikuwa limesheheni mawaridi mpaka madirishani. Mbele yake, juu ya saruji, ililala chaja ya kubebeka, na taa yake nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima bila kuchoka.

Fundi alikuwa anapita zake tu. Alitoka kununua balbu, boksi begani, mikono ya ovaroli la kijivu imekunjwa, kitambaa cha zambarau kichwani. Tangu aanze kazi ya umeme watu walimwita Fundi, mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki benki na mdomoni mwa dada yake. Angeweza kupita. Lakini ile taa nyekundu ilimkera kama kilio cha mtoto anayepuuzwa.

"Hiyo haijafa," alisema. "Imegoma."

Kijana aliinua uso uliolowa jasho. "Dada yangu, ukiweza kuipatanisha na hili gari nitakuombea dua mpaka nazeeka. Haya maua yanasubiriwa na bibi harusi, na chaji iliyobaki hainitoi hata getini."

"Dua weka kwanza. Huu waya wa kurefushia umeutoa wapi?"

"Ameniazima mlinzi."

"Huu una pini mbili tu. Chaja hii kabla ya kuruhusu umeme uingie kwenye gari inatafuta waya wa ardhi. Ndio unaouchukua umeme uliopotea njia ukauzike ardhini, badala ya kupitia mwilini mwako. Isipouona, inagoma. Si kiburi. Inakuhurumia."

Akaung'oa ule waya, akachomeka plagi moja kwa moja kwenye soketi ya nguzoni. Nyekundu ikakata. Kijani ikatulia. Nyuma yao honi ziliendelea, lakini muuza maua hakuzisikia tena.

"Nilikuwa natafuta namba ya fundi nimpigie," alisema taratibu.

"Basi umeokoa salio."

Akacheka, akachomoa waridi moja jekundu ndani ya gari. "Pokea."

"La bibi harusi hilo!"

"Bibi harusi anayo mengi, na mume juu. Nipe namba yako, Fundi. Nyumbani nako inagoma."

"Ni kweli, au unatafuta njia?"

"Vyote viwili."

Ndivyo walivyoanza. Simu ya kwanza ilipigwa kesho yake kabla Fundi hajamaliza chai.

"Fundi, chaja inaumwa."

"Dalili zake?"

"Haili, hailali, inakutaja wewe tu."

"Mpeleke hospitali, Bwana Maua. Mimi natibu mashine, sitibu wagonjwa wa aina hiyo."

Lakini alikuwa anatabasamu peke yake, na dada yake aliyekuwa upande wa pili wa meza akaguna, "Haya. Yamekukuta." Wiki zikapita kwa simu za namna hiyo. Kijana alimngojea nje ya majengo Fundi aliyokuwa akifanyia kazi, gari likinuka kama bustani iliyonyeshewa, akamfungulia mlango hata kama ovaroli lilikuwa limetapakaa chokaa. Alikuwa na mikono mipole, yenye mikwaruzo ya miiba. Fundi alizoea kuishika.

Jumapili moja kijana akampeleka nyumbani kwao. Ilikuwa nyumba ya chini, kuta nyeupe, baraza lenye vyungu vya maua kila ngazi. Mama yake alimpokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe? Huyu mtoto siku hizi anaimba akioga. Nikasema, kuna mtu."

"Mama!" kijana alilalamika.

"Nyamaza. Nakuuza kwa bei nzuri."

Walikula, wakacheka, kisha Fundi akatoa kipimo chake. Alipima soketi ya barazani, ya sebuleni, ya jikoni. Akatoka nje, akauona waya wa ardhi ukishuka kutoka kwenye mita na kuzama kwenye udongo. Ulikuwepo, lakini kipimo kilisema haufiki popote. Akarudi ndani akifuta mikono, akasema kama ambavyo angemwambia mteja yeyote:

"Chaja yako ni nzima. Nyumba ndiyo mgonjwa. Haina ardhi hata chumba kimoja. Aliyeweka umeme humu alilipua kazi."

Jikoni, Mama aliacha kuosha vyombo.

"Aliyeweka umeme humu," kijana alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua joto lote, "ni baba."

Fundi alijua kwamba baba wa kijana alifariki. Hakujua alikuwa fundi umeme. Hakujua kwamba mzee yule alitamani mwanawe arithi koleo na bisibisi, na kwamba mwanawe alipochagua maua, walikaa miezi bila kuongea vizuri, wakapatana tayari mzee akiwa kitandani. Yote hayo yalikuwa nyuma ya lile neno moja.

"Samahani, sikujua. Lakini kipimo hakijui baba wala mjomba..."

"Baba alifanya kazi hii maisha yake yote. Umekaa saa moja ndani ya nyumba yake, umekula mezani kwake, unamwita mlipuaji?"

"Nasema nilichokiona. Mama yako anaishi humu. Ni hatari!"

"Chaja ndiyo mbovu. Nitanunua nyingine. Tafadhali, kusanya vifaa vyako nikurudishe."

"Nitajirudisha mwenyewe."

Akajirudisha. Njia nzima alikuwa amefura, na alipofika kwake hasira ikayeyuka ikabaki aibu. Ukweli aliusema, ndiyo, lakini aliutupa kama mtu anayemwaga maji machafu bila kuangalia nani anapita. Mara kadhaa alishika simu, akaandika, akafuta. Upande wa pili hakukuja hata salamu. Alisikia kwa mlinzi kwamba muuza maua bado anakuja kuchaji kwenye ile nguzo, anasimama kando ya gari mpaka lijae, haongei na mtu.

Halafu asubuhi moja simu ikaita, namba ngeni.

"Mwanangu, ni mimi, mama yake huyo mkaidi."

"Shikamoo, Mama! Kuna nini?"

"Sijui kama ni uzee. Bomba la bafuni linanitekenya. Juzi lilinitekenya kidogo, nikacheka. Leo limeniuma mpaka bega. Nimedondosha ndoo."

Fundi alishavuta boksi la vifaa. "Mama, nisikilize. Mwanao yuko wapi?"

"Sokoni, kufuata maua."

"Usiguse bomba lolote. Usiguse friji. Futa mikono iwe mikavu kabisa, vaa ndala za mpira, kisha nenda kazime meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima. Usikate simu. Nataka nisikie."

Alisikia ndala zikiburuzwa sakafuni, pumzi ya mama mtu mzima, kisha *tak*.

"Nimezima."

"Mungu akuweke. Kaa barazani. Nakuja."

Alipofika alimkuta Mama kwenye kiti, mkono mmoja umeshika mwingine, mzima. Fundi alimkumbatia kwanza, vifaa baadaye. Ndani aligundua upesi: hita ya maji ilikuwa imepasuka moyo wake, ile koili ya kuchemshia, na kuvujisha umeme kwenye mabomba, na kwa kuwa nyumba haikuwa na ardhi ya kuupokea, ulikuwa unamngojea yeyote atakayefungua maji.

Safari hii hakuishia kuangalia. Aliomba jembe, akaufuata ule waya pale ulipozama kando ya ukuta. Haukwenda mbali. Ulikuwa umekatwa, ncha yake imelala juu ya bomba jipya la maji.

"Mama, hili bomba nani alilipitisha hapa?"

"Mafundi wa maji. Walichimba mtaro mwaka jana. Mume wangu alikuwa ameshatangulia."

Fundi aliendelea kuchimba. Upande wa pili wa mtaro jembe likagonga kitu kigumu. Akatupa jembe, akafukua kwa mikono. Ilikuwa fimbo ya shaba, ile ambayo waya wa ardhi hufungwa kwayo, nene, imezama chini sana kuliko wengi wanavyojisumbua kuizamisha. Kibanio chake kilikuwa kimekazwa sawasawa na kupakwa grisi kisishikwe na kutu. Alipokifuta kwa kidole, shaba iling'aa. Akaipima. Ilikuwa nzuri kuliko hata zile alizoziweka yeye.

Alikuwa bado amepiga magoti pale gari lilipoingia kwa kasi. Mama alikuwa amempigia mwanawe. Kijana alikimbia mpaka kwa mama yake, akamshika mabega, akamgeuza kama anayekagua mtoto aliyeanguka. Kisha akaja nyuma ya nyumba, uso hauna rangi.

"Fundi..."

"Njoo uone," alimkatiza. "Njoo uone kazi ya baba yako."

Akachuchumaa kando yake. Fundi akamwonyesha fimbo, kibanio, mahali waya ulipokatwa na sepetu ya watu wengine.

"Nilimsingizia," alisema. "Hakulipua. Amewalinda miaka yote hii, mpaka watu wakaja kumkata mkono. Nilipaswa kuchimba kabla ya kusema. Nisamehe. Na yeye anisamehe."

Kijana aliweka kiganja kwenye shaba. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa.

"Wewe ulisema nyumba ni mgonjwa, na ni kweli ilikuwa mgonjwa. Nilikufukuza kwa kumtetea mtu ambaye angekushika mkono akushukuru. Mama yangu ameketi pale barazani anaomba chai. Anaomba chai, Fundi! Angekuwa..." Hakumaliza. "Asante. Sijui niiseme mara ngapi."

"Anza kwa kunishikia tochi."

Akamshikia. Wakaunga waya pamoja, wakaondoa hita mbovu, Mama akileta chai na maelekezo yasiyoombwa. Meni swichi ilipowashwa, Fundi alipima kila soketi, kisha kijana akachomeka chaja barazani mwenyewe. Kijani. Mama akaiangalia, akasema polepole, "Ahsante, baba watoto," akaingia ndani ili asionekane akilia.

Siku chache baadaye Fundi alikuwa juu ya ngazi katika ofisi moja ya ghorofani, kichwa ndani ya dari, mikono imejaa nyaya, simu ikiwa mezani kwa katibu muhtasi. Ikaita.

"Ni Bwana Maua," katibu muhtasi alisoma kwenye kioo. "Nipokee?"

"Weka sauti kubwa. Haloo, mpenzi?"

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi."

"Shuka kwanza."

"Nina nyaya mkononi. Sema tu, nakusikia."

"Jambo lenyewe haliulizwi mtu akiwa juu ya ngazi."

Chini, kalamu zikasimama. Ofisi nzima ilikuwa ghafla haina kazi. Fundi alihisi masikio yakiwaka moto.

"Bwana Maua," alisema kwa makini, "wiki hii umeniletea maua kila siku. Umemshukuru dada yangu kwa kunizaa, wakati hakunizaa yeye. Kama unachotaka kuniuliza ni shukrani nyingine, acha. Sitaki kuolewa kama malipo."

"Shukrani nilikupa siku ile, nikiwa na tope magotini. Nyingine nimempa Mungu, nyingine nimeipeleka kaburini kwa baba, na tumeongea vizuri. Hiyo imepata wenyewe. Hili ni lingine, Fundi. Hili lilianza maegeshoni uliposema imegoma haijafa, nikatamani useme neno lolote jingine, hata la kunitukana. Hata ungeshindwa kuwasha balbu, ningekuuliza hivi hivi."

"Ningeshindwa balbu?" alifoka.

"Shuka, mpenzi wangu. Nakuomba."

Katibu muhtasi tayari alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili. Fundi akaziachia nyaya zining'inie. Akashuka kidato kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka viatu vyake vikagusa sakafu. Akaichukua simu mezani, akaizima sauti kubwa, akageukia dirishani na kuiweka sikioni.

"Nimeshuka," alisema. "Uliza."