Damu ya Pande Zote Mbili

"Unga wa visheti ukande uwe laini," Bi Nasra alimwambia Samiha. "Watu wa Mwera wasije wakasema tumewapelekea kokoto."

Samiha akaendelea kukanda. Visheti vilikuwa vya posa, na anayekwenda kuposa ni Mudathir, mume wake mwenyewe. Mke mkubwa anakaanga visheti vya kumchukulia mke mdogo. Hebu niambie wewe unayesoma, kuna mtihani unaozidi huo?

Tena Bi Nasra hakuwa mama mkwe tu. Alikuwa shangazi yake wa damu, dada wa baba yake. Ukoo wao wa Mwera, kule Pangani, ulioana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi za mababu ili minazi isiangukie kwa watu baki. Samiha na Mudathir ni mtu na binamu yake. Na huyo Sabiha anayeposwa ni binti wa Mzee Mwinyijuma, mdogo wake Bi Nasra. Lakini usidhani Samiha na Mudathir walilazimishwa. Walipendana kwa hiari zao, wakahamia mjini, mtaa wa Nguvumali, Mudathir akitengeneza friji za watu, na mpaka leo hagusi chakula kabla mkewe hajaketi.

Kilichowaharibia ni misiba. Mtoto wa kwanza walimzika angali mchanga. Wa pili, Twaha, alitimiza miaka miwili akilia maumivu ya mifupa, vidole vimevimba, macho ya manjano. Bi Nasra alisema ni kijicho, mtoto akazungushwa kwa waganga. Walipomfikisha hospitali walikuwa wamechelewa, wakaambiwa ni selimundu. Baada ya maziko Samiha hajiwezi kwa kilio, Mudathir akarudi hospitali peke yake kupewa maelezo. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba ugonjwa umetoka kwenye damu ya Samiha.

Tangu siku hiyo Bi Nasra hakuwa na wimbo mwingine.

"Sikulaumu, mwanangu," alisema sasa, akimimina mafuta kikaangoni. "Ila mumeo anahitaji damu safi, na ataipata kwetu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Zimwi letu limeshakula wawili, shangazi."

Bi Nasra alijifanya hakusikia.

Alichokuwa hajui ni kwamba wiki iliyopita Samiha alikwenda mwenyewe kwa Daktari Rafaeli wa hospitali ile kuuliza kama anaweza kuzaa tena. Daktari alimweleza taratibu kwamba mtoto haugui selimundu mpaka airithi kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wanaibeba wote wawili, wazima wa afya, bila kujua. Na wanaooana ndani ya ukoo mmoja ni rahisi zaidi kukutana nayo. Mtoto akigundulika mapema hutibiwa na kuishi. Samiha aliumia kwa Twaha, na aliumia kwa kudanganywa na mtu anayempenda.

Jioni ile alimtumia Mudathir ujumbe: "Baba Twaha, siku ile daktari alikwambiaje hasa?"

Jibu likachelewa. "Tutaongea nikirudi."

Alirudi, akala, akageukia ukutani. Wanaume bwana!

Sasa visheti vilipoiva, Samiha akaona akinyamaza atakuwa amemzika na mtoto wa mwenzake. Akamwandikia Sabiha: "Mdogo wangu, sikukatazi kuolewa. Ila kabla hujakubali, wewe na Mudathir nendeni mkapime damu. Nakuomba kwa roho ya Twaha."

Sabiha alimwonyesha baba yake. Kufika Jumamosi kule Mwera, posa ikageuka baraza la ukoo, na visheti havikuguswa na mtu.

"Huu ni wivu," Bi Nasra alisema. "Damu mbaya anayo yeye, anataka kuwapaka wote. Mudathir, mwandikie talaka yake leo hii, tuyamalize."

Mudathir aliinamisha kichwa. Samiha alikuwa na maneno ya kumvua nguo mbele ya wazee wake, na moyo ulimwasha kuyasema. Hakuyasema. Alitaka kumjua mwanamume aliyemwoa.

"Mimi siko hapa kuzuia mke wa pili," alisema. "Nilichosema ni wapime. Kama nimekosea, mume wangu yupo, aseme."

Mzee Mwinyijuma alimgeukia. "Haya, mjomba. Mkeo muongo?"

Bi Nasra akaanza kujibu kwa niaba ya mwanawe, ndipo Mudathir akainua uso.

"Si muongo. Muongo ni mimi. Daktari aliniambia tunayo wote wawili, mimi na yeye. Niliona haya kusema na mimi nimechangia kumuua mwanangu. Nikamtwisha mwenzangu."

Samiha alifunika uso kwa mtandio. Sabiha, aliyekuwa mlangoni, akasema posa haitaki na akaenda ndani.

Bi Nasra alikuwa amekaa palepale. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Mimi nilizika watatu kabla yako, Mudathir. Macho ya manjano, vidole vimevimba. Baba yako, binamu yangu, akaniambia nina mkosi, akaoa mwingine. Basi mimi sikuwa na mkosi?"

Samiha ndiye aliyenyanyuka, akamkumbatia, na Bi Nasra akalia begani kwa yule aliyekuwa akimtafutia talaka.

Baadaye uani Mudathir alimfuata mkewe. "Nisamehe, Samiha."

"Nitakusamehe, kwa sababu nakupenda, na wewe unajua," Samiha alijibu. "Lakini mama yangu mwaka mzima haendi msibani wala harusini kwa aibu ya damu yangu. Mpigie. Sasa hivi."

Mudathir alitoa simu, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimekupigia kukwambia Twaha hakufa kwa damu ya Samiha. Tulichangia wote wawili. Nilijua, nikanyamaza, nikawaacha mkaumia."

Upande wa pili kukasikika kilio.

"Samiha yuko wapi?" mama yake aliuliza.

"Niko hapa, mama."

"Na huyo mwanamume analia?"

Samiha alimtazama mumewe. Tangu wamzike Twaha hakuwahi kumwona akitoa chozi, na sasa machozi yalikuwa yakidondoka kwenye kioo cha simu.

"Analia, mama."

"Basi kaa naye," mama alisema. "Lieni pamoja."