Mlinzi Aliyehesabu Meno

Kama unakula, weka sahani kando kwanza, kwa sababu mambo haya yalianzia kwenye mswaki.

Ulikuwa mswaki wa mtoto, mdogo, wa rangi ya waridi, na ulikaa ndani ya kikombe cha plastiki nyuma ya studio ya picha ya Ndolo pale Emali, ambako aliishi na familia yake. Mwongeli, mkewe Ndolo, aliamka alfajiri kuwasha jiko, akauchukua ili amsafishe binti yao Kasiva meno kabla ya kumpeleka nasari. Akaukuta umelowa. Maji ya bomba hayakuwa, maana bomba la ploti lilikuwa limekauka tangu juzi. Yalikuwa mate, mazito, yakivutika kwenye vidole vyake, na ndani yake kulikuwa na unywele mmoja mrefu, mweusi, mgumu, uliojizungusha kwenye brashi. Mwongeli alinawa mikono kwa maji ya kunywa, akautupa mswaki chooni. Alidhani ni mumewe. Mtu mzima anayekesha akicheza gemu hakosi uchafu mwingine.

Akanunua mpya. Asubuhi iliyofuata nao ulikuwa umelowa.

"Baba Kasiva," alisema kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, "kwa nini unatumia mswaki ya mtoto?"

"Mimi? Hata yangu naipata imelowa kila siku. Nilidhani ni wewe unaiosha."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wameshapiga mswaki asubuhi hiyo. Ndolo alikimbilia nje, Mwongeli akainamia karai, na staftahi ya siku hiyo haikuliwa na mtu.

Baada ya hapo waliona mengine. Vijiko vilivyooshwa jioni vilikutwa na mafuta ya midomo. Ugali uliofunikwa kwa sufuria ulikuwa haujamegwa, ila umelambwa pande zote mpaka ukang'aa. Nguo za kanisani zilikuwa zimerudishwa kwenye kamba zikiwa zimekunjwa vizuri, lakini mifuko yote ilikuwa imepinduliwa nje, na kwapa za shati la Ndolo zilikuwa na unyevu wa mdomo. Hakuna kilichoibwa, hata shilingi. Kila kitu kilikuwa kimeshikwa, kimeonjwa, kisha kimerudishwa mahali pake, na mimi nasema heri mwizi, maana mwizi akishachukua chake anaenda zake.

Halafu harufu. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kusukutua. Ilitoka studio, kwenye kompyuta ambayo Ndolo alitengenezea video za harusi na mazishi. Ukiiwasha, feni ilikupulizia harufu hiyo usoni ikiwa na joto lake.

Mchungaji aliitwa. Aliomba chumba kwa chumba, akapaka mafuta kwenye miimo ya milango, akaenda zake kwa imani. Asubuhi mafuta hayakuwepo. Kwenye rangi ya mlango ilibaki michirizi ya ulimi, mipana kuliko kiganja, kutoka chini hadi juu, na pale juu kabisa palikuwa na unywele umenata.

Siku hiyo Kasiva alikataa uji. Ni mtoto wa miaka minne, mwenye mashavu na maneno mengi, mtoto ambaye kwa kawaida unamnyang'anya kijiko. Alisukuma kikombe akasema, "Mama, mimi nimeshakula. Ule wa kuhesabu amekula na mdomo yangu."

"Nani wa kuhesabu?"

"Ule wa kuhesabu meno. Anaweka mkono hapa." Akafungua kinywa na kuonyesha mpaka kooni. "Mkono yake iko na nywele."

Mwongeli alimkumbatia, akanusa pumzi ya mtoto wake, na pumzi ile ilikuwa harufu ya kompyuta.

Tangu hapo alimlaza katikati yao, mlango umefungwa kwa komeo, Biblia chini ya mto. Mtoto akazidi kukonda. Na alfajiri moja, dirisha likianza kuwa jeupe, Mwongeli aliamka akihisi kitu kifuani, kizito kupita uzito wa mtoto, na kitu kingine ndani ya kinywa chake, chembamba, chenye unyevu, kikibonyeza jino la nyuma, kisha la pili yake, kisha la tatu, bila haraka, jinsi mtu sokoni anavyobonyeza parachichi kujua lipi limeiva, na alipofumbua macho alimwona Kasiva amemkalia, macho yamefungwa, mdomo wazi, kidole kimezama ndani ya kinywa cha mama yake hadi fundo la mwisho, na mate ya mtoto yakidondoka kwenye shingo yake, na midomo ya mtoto ikitaja hesabu kwa sauti ya mtu mzima mwenye mafua. Hakupiga kelele. Aliogopa kwamba akifunga meno angemuuma mwanawe.

Alisubiri mpaka hesabu ikafika jino la mwisho. Kasiva akachomoa kidole, akakilamba, akalala.

Mwongeli alimwamsha Ndolo kwa teke.

"Utaniambia uliingiza nini kwa hii nyumba."

Ndolo alijaribu kukwepa, akaona macho ya mkewe, akasema. Ule mchezo wa mtandaoni, wa kupigana kwa bunduki, alikuwa akiucheza na watu wasiojulikana wa nchi za mbali. Alipata ujanja wa kuwaona maadui kupitia ukuta. Wenye mchezo wakamgundua, wakamfukuza, jina lake likafungiwa. Mtu mwenye akili angeacha. Ndolo akafungua akaunti nyingine, na safari hii mchezo ukaja na mlinzi wake, programu ya kuzuia udanganyifu. Kwanza mlinzi aliuliza jina la mwenye mashine. Akaleta maandishi marefu, na chini yake kitufe cha kukubali.

"Ulisoma?"

"Nani husoma hizo?"

"Na jina uliandika gani?"

Ndolo akatazama sakafu. "Yangu si ilikuwa imefungwa. Niliandika ya mtoto."

Aibu ya mwanaume huyo siwezi kuieleza na sitaki kujaribu. Alifuta mchezo papo hapo, akaapa mbele ya mkewe kwamba umeisha. Kesho yake miswaki ilikuwa imelowa yote.

Wakampelekea mashine fundi Gathua, mtu wa Nyeri aliyefungua kibanda cha kompyuta karibu na stesheni ya Emali. Ilikuwa mchana, jua kali, malori yakinguruma barabarani. Mwongeli alikuwa na Kasiva mgongoni, amelegea.

"Mchezo umeutoa, sawa," Gathua alisema. "Lakini yule mlinzi hakai ndani ya mchezo. Anakaa chini ya kila kitu. Ukiwasha mashine, yeye ameshaamka kabla yako. Kazi yake ni kukagua mnadanganya wapi."

"Anakagua nini?"

"Kila kitu, mama. Na ukifuta mchezo, yeye anabaki. Lazima atolewe peke yake."

Akafungua ubavu wa mashine, akarudi nyuma na kuziba pua. Feni ilikuwa imezibwa na utando, ule wa maziwa yaliyopoa, ila huu ulikuwa mnene, wa kijivu, umeshonwa kwa nywele ndefu nyeusi, na ulikuwa ukipanda na kushuka ingawa mashine haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Gathua aliugusa kwa bisibisi. Utando ukajikunja kando. Mgongoni mwa Mwongeli, Kasiva akashtuka na kulia.

"Tuichome," Mwongeli alinong'ona. "Fundi, tuimwagie petroli saa hii."

Gathua alimtazama mtoto. "Mimi nadhani ilishatoka kwa mashine, mama. Huku imeacha mlango tu. Ukichoma mlango, hiyo iliyo ndani itatokea wapi?"

Alichomeka waya, akaanza kazi ya kumtoa mlinzi. Mashine ambayo siku zote ilisema Kiingereza iliandika mstari mmoja wa Kikamba. Gathua hakuuelewa. Mwongeli akamsomea kwa Kiswahili: "Kasiva, unataka nitoke?"

Ndolo akabonyeza ndiyo. Mstari ukarudi. Gathua akabonyeza. Ukarudi.

"Hii haikubali mwingine," Gathua alisema. "Inataka mwenye jina."

Wakamshusha mtoto, wakamsimamisha mbele ya mashine, Mwongeli akamshika kidole. Kasiva aliinua uso. Kinywa chake kilifunguka zaidi ya kinywa cha mtoto, na sauti ya mafua ikasema, "Bado sijamaliza kukagua."

Gathua alitoka nje ya kibanda chake mwenyewe akasimama juani.

Hapo ndipo Mwongeli alipokumbuka mwenye jina. Kule kwao, binti wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Kasiva wa kwanza alikuwa hai, akiishi Tulia, upande wa Kitui, mzee wa kanisa, mjane, na wajukuu walimwita Susu, yaani nyanya. Mwongeli alimpigia simu akamweleza yote bila kuficha. Susu hakuuliza swali hata moja. Alisema, "Msimpe mtoto dawa yoyote. Nakuja."

Alifika studio kesho yake mchana, kitambaa cheupe kichwani, kibegi mkononi. Ndolo alimwendea na salamu.

"Mwaitu, mama yangu, pole na safari."

Susu hakuipokea. "Ndolo, jina langu nilimpa mtoto. Sikukupa wewe ujifiche nyuma yake."

"Mama, tumbadilishe jina," Mwongeli alisema. "Leo. Tumwite hata Mwende."

"Utamwita Mwende, na usiku ataitika Kasiva. Kitu hicho kimeshalijua. Leteni kiti."

Aliketi mbele ya kompyuta, iliyorudishwa jana kutoka kwa Gathua, mashine ambayo hakuwa amewahi kuigusa maishani. Milango yote aliamuru iachwe wazi, jua liingie. Harufu ilikuwa imejaa chumba mpaka ukuta ulitoa majasho, matone ya manjano yakiteremka juu ya picha za maharusi, na Kasiva alilala kwenye mkeka akikoroma, tumbo limejaa na mikono imekuwa vijiti. Mstari wa Kikamba ukatokea. Kasiva, unataka nitoke?

"Nataka," Susu alisema. "Na unisikie vizuri. Mimi ndiye Kasiva. Nilikuwa Kasiva kabla baba ya huyu mtoto hajazaliwa. Huyu nimemwazima jina tu. Ulipewa jina langu bila mimi kuulizwa, na mimi nakataa. Toka kwake."

Akabonyeza kwa kidole kilichopinda.

Kasiva alikaa wima, akatapika, na sitaki kusema sana, ila mama yake, aliyekuwa amemshika, aliona nywele zikitoka kwanza, nyeusi, zimelowa, fungu baada ya fungu, mtoto akizivuta mwenyewe kwa mikono miwili huku macho yamemtoka, halafu nyuma ya nywele ukaja mkono, mdogo, wenye vidole vingi kuliko inavyofaa, kila kidole na ncha iliyosuguliwa laini na meno ya watu, ukashika mkeka, ukajivuta, ukaburuta nyuma yake kitu chenye unyevu kisichokuwa na uso, na kitu hicho kikatambaa sakafuni kwenye jua mchana kweupe, kikinusa viatu vya Ndolo, kikipita, kikinusa miguu ya Mwongeli, kikipita, mpaka kikafika kwenye kiti. Kompyuta ikazimika. Mwongeli alifumba macho.

Alipoyafumbua sakafu ilikuwa na alama ya mate tu, na alama hiyo iliishia miguuni mwa Susu. Susu alikuwa ameketi wima, mikono magotini, midomo ameifunga kwa nguvu. Shingo yake ilikuwa ikimeza.

Mwongeli aliona. Ndolo hakuona, maana alikuwa amejifunika uso. Macho ya wanawake wale wawili yalikutana, na Mwongeli alitaka kusema neno.

"Mama," Kasiva alisema kutoka kwenye mkeka, kwa sauti yake mwenyewe, "niko na njaa."

Basi Mwongeli hakusema. Alipika ugali na sukuma, akakaa kumtazama mtoto akila mpaka sahani ikaisha, akalia kwa furaha. Susu alikaa karibu akampapasa kichwa wajina wake. Hakula, hakunywa hata maji, wala hakufungua kinywa kuaga. Aliinua mkono tu, akaondoka na kibegi chake.

Asubuhi miswaki ilikuwa mikavu. Kompyuta Ndolo aliichoma nyuma ya ploti, na ikaungua na harufu ya plastiki, harufu safi kabisa ukilinganisha.

Mwongeli alipiga simu Tulia kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, akitaka kushukuru. Ilipokelewa kabla haijaita.

"Umeamka mapema, Mama."

"Kuna mwenye kuamka kabla yangu." Maneno ya Susu yalikuja kwa shida, kama ya mtu anayezungumza akiwa na kitu mdomoni. "Usimlete mtoto huku. Hata nikiwa mgonjwa."

"Mama, nisamehe. Niliona. Ningesema."

"Ungesema nini? Mimi ni mzee. Meno yenyewe yamebaki manne. Inahesabu, inafika mwisho, inaanza tena. Inakasirika."

Mwongeli aliuliza: "Na siku ukitangulia?"

Kwenye simu kulisikika kitu kikilamba, taratibu, kisha kikanyamaza.

"Siku hiyo," Susu alisema, "Kasiva atabaki mmoja. Niombee niishi, mwanangu."

Kila alfajiri sasa Mwongeli hutoka nje kabla ya mtu yeyote ndani ya nyumba ile, anafika penye kikombe cha plastiki, anasimama hapo akiogopa, halafu anaushika mswaki mdogo kwa vidole viwili. Ukiwa mkavu, anajua kwamba kule Tulia mama mkwe wake bado yuko hai. Hapigi simu kuuliza.