Vidonge vya Mashavu

Ndugu zangu wa Kalemie, na ninyi wa mbali mnaopenda kusikia habari zetu, nisikilizeni niwaeleze yaliyompata jirani yangu Barthélemy, fundi wa mashine za mitumbwi pale Kataki. Simsemi vibaya. Ni mtu mwema, na kosa lake ni kosa la wengi wetu: anaogopa midomo ya watu kuliko anavyoogopa mawimbi ya ziwa.

Mchana mmoja wa kiangazi alikuwa ameketi uani akila na mkewe, Éliane. Palikuwa na ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki wawili wa mikeke wa kukaanga. Éliane alimega, akachovya, akacheka kinywa kimejaa, kisha akaitupia jicho sahani ya mumewe. Barthélemy akamsogezea kichwa cha samaki wake. Walikuwa na raha yao, na raha ya namna hiyo hainunuliwi sokoni.

Lakini Éliane alikuwa mwembamba. Alikula kama wavuvi watatu na mwili wake haukuongezeka hata kidogo. Kila asubuhi alijitwika beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka ufukweni hadi sokoni, na alirudi akiimba. Hakuwa mtu wa kuumwa-umwa.

Ndipo akaingia Mama Jeancy wa nyumba ya pili kuomba chumvi. Chumvi akapewa, na shukrani yake ikawa hii:

"Papa Barthélemy, mama mukwe wako anakuja mwezi ujao. Akikuta mutoto wake anafanana na fimbo, atasema nini? Watu wanasemaka unamulalisha njaa."

"Mama Jeancy, si unamuona vile anakula?"

"Mimi ninaona mifupa tu."

Barthélemy akaacha kula. Mnajua mambo yetu: mwanamke akinona baada ya ndoa, mume anasifiwa, akikonda, mume anahukumiwa bila kesi. Tena mama mkwe huyo, Mama Kyungu wa Ankoro, Barthélemy hakuwahi kumwona. Siku za mahari mama alikuwa mgonjwa, na wajomba wa hapa Kalemie ndio waliopokea. Sasa anakuja kumtazama bintiye kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na Barthélemy alitaka jambo moja tu: asionekane mume asiyemlisha mkewe.

Akaenda kwa kijana mmoja anayeuza dawa mezani, karibu na soko. Kijana hakuuliza karatasi ya dokta. Alimfungia vidonge vinavyoitwa hapa "vidonge vya mashavu", akamwambia ampe mkewe asubuhi na jioni. Barthélemy alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Hizi ni vitamini, mama. Za kukupa nguvu." Éliane akameza, kwa sababu alimwamini mumewe. Hapo ndipo ninapomkasirikia Barthélemy mpaka leo.

Vidonge vilifanya kazi, tena upesi! Uso wa Éliane ukawa mviringo, mashavu yakajaa, tumbo likatokeza. Mama Jeancy akapiga vigelegele mlangoni. "Sasa ndoa imekukubali!" Barthélemy akatembea kifua mbele, akanunua vingine.

Hakuna aliyeuliza kwa nini beseni la ndagala lilianza kumshinda Éliane. Miguu ilimlegea akipanda njia ya soko. Alikuwa na kiu isiyoisha, alikunywa maji na kukimbilia choo, akarudi kunywa tena. Na alikuwa haimbi.

Siku ya treni iliyomleta mama mkwe kutoka Kabalo, Barthélemy alikwenda gare, kwenye kituo, amevaa shati la harusi. Kwao na kwa kina Éliane, mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, ni heshima. Basi aliinamisha macho, akatafuta miguu ya mama mnene, maana mama wa heshima alimwaza mnene. Akaiona miguu minene ndani ya viatu vya njano. Akapiga goti, akapiga makofi ya salamu.

"Karibu sana, mama mukwe."

"Weye papa, mimi sina binti!" mwenye miguu alicheka.

Nyuma yake sauti nyingine ikasema polepole, "Mukwe, mimi njo Kyungu."

Miguu ya Mama Kyungu ilikuwa myembamba kama michi. Na mikono vilevile. Éliane yuleyule, ila mwenye mvi.

Nyumbani, Mama Kyungu alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Hakupiga kigelegele. Aliketi, akauvuta mguu wa Éliane mapajani mwake, akabonyeza kidole juu ya muundi. Shimo likabaki pale, halikujaa.

"Hii si mafuta," alisema. "Kwetu hatuna muntu munene. Mama yangu alikuwa hivi kama mimi, na alilima mpaka uzee. Munamupatia nini mutoto wangu?"

"Vitamini, mama," alijibu Éliane.

Mama Kyungu akamgeukia mkwewe. "Nitazame."

Barthélemy aliendelea kutazama chini.

"Nimesema nitazame! Heshima tutairudilia kesho."

Barthélemy akainua macho, na alipouona uso ule, uso wa mkewe kama alivyokuwa zamani, akalia. Akasema yote.

Asubuhi walikuwa hospitali. Dokta Maliki alipima damu ya Éliane, akakuta sukari imepanda. Kisha akawaeleza, naye ni mtu wa kueleza taratibu.

"Chakula hakikai tu tumboni. Mwili unakivunja vipande vidogo. Vingine unavichoma, unapata joto na nguvu. Hata ukilala moto huo hauzimike, sababu moyo unapiga. Vingine unajenga navyo nyama na damu. Vinavyobaki unaweka akiba. Kila chenye uhai kinafanyaka hivyo: samaki, muhogo, na mimi hapa. Lakini kila mbabula, jiko letu la makaa, iko na moto wake. Ingine inamaliza makala mbio, ingine inakaa nayo mpaka kesho. Mama huyu mbabula yake ni ya mbio. Alizaliwa nayo."

"Na hizi vidonge?" aliuliza Barthélemy.

"Ni dawa ya kweli, kwa mugonjwa wake, na dokta akipima. Kwa bibi yako zimevuruga jiko lote. Zinabomoa nyama ya miguu, zinajaza sukari ndani ya damu, zinafungia chumvi na maji mwilini. Weye uliona mashavu, ukafikiri njo afya."

"Leo nazitupa ndani ya ziwa!"

"Hapana! Ukikata mara moja anaweza kuanguka. Mwili umezoea kuletewa dawa hii, umesahau kujitengenezea ya kwake. Tutapunguza polepole, na mutarudi kupima."

Walirudi, mara nyingi. Mama Kyungu naye hakuondoka. Alipika, alisimamia kila kidonge kilichopungua. Kidogo kidogo maji yakatoka miguuni, sukari ikashuka, mashavu yakaenda zao. Éliane alimnunia mumewe kwa uongo ule, na alikuwa na haki. Kisha siku moja akajitwika beseni, na alipotoka sokoni sisi majirani tukasikia wimbo unashuka njiani. Moyo wangu ulifurahi.

Mama Jeancy aliwakuta wanakula, mama na binti, wembamba wawili mbele ya ugali mmoja mkubwa. "Aa, Éliane amekonda tena!"

Barthélemy hakuacha kula safari hii. Alisogeza kigoda. "Mama Jeancy, kaa hapa ushindane naye. Ukimushinda kula, kesho nitakubali kwamba namulalisha njaa."

Mama Jeancy akakaa. Alishindwa kabla ya tonge la saba, na Éliane akamalizia hata tonge lililomshinda.

FUNZO

Kuvimba si kunenepa, na mwembamba si lazima awe na njaa. Mwili unajua kazi yake. Dawa isiyoandikwa na dokta usiimeze, na usimmezeshe mwenzako kwa jina la uongo. Nawe mwenye mdomo, ukimwona mtu mwembamba, muulize kwanza kama amekula. Akisema ndiyo, msalimie upite zako.