Saa Kumi na Mbili Kasorobo

Jumamosi ile ya Januari duka la vipuri vya kompyuta pale Winnipeg, Kanada, lilijaa hadi mlangoni, na theluji iliyoingia na viatu vya watu ilikuwa imeyeyuka ikawa tope. Larissa Hnatiuk alisimama kwenye foleni ndani ya koti la marehemu baba yake, koti la madereva wa basi, mikono ikimfunika hadi kwenye kucha.

"Nataka prosesa yenye nguvu zaidi," alimwambia kijana wa kaunta. "Nachora ramani, na hii niliyonayo inajikokota. Ila ubao mama, ule inakofungwa, sitaki kuubadilisha."

"Ubao wenyewe unaitwaje, dada?"

Akavua glavu, akamnyooshea kiganja. Jina la ubao lilikuwa limeandikwa hapo kwa kalamu.

"Kwenu karatasi zimeisha?"

"Simu yangu huzimika kwenye baridi. Mkono hauzimiki."

Kijana, Rodel Magsino, mwenye fulana nyekundu ya duka na penseli sikioni, alikishika kile kiganja akakisoma. Herufi zilikuwa chache. Alizisoma kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Soketi, tundu inamokaa, ni ileile," alisema. "Itaingia."

Siku hiyo alikuwa ameulizwa swali hilo mara arobaini. Hakufungua orodha ya watengenezaji wa ubao aone unakubali prosesa zipi, na kwa toleo lipi la programu yake ya ndani.

"Una uhakika?"

"Isipokubali, nakupikia pansiti, tambi za kwetu Ufilipino, mwezi mzima."

"Na ikikubali?"

"Nakupikia vilevile."

Alimpikia kweli. Zikafuata simu za mchana, simu za jioni, na swali moja la utani: "Umeshaifunga?" Larissa alijibu kila mara, "Kesho." Prosesa ilikaa kwenye boksi lake wiki tano, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Kompyuta ile aliiunda baba yake, Orest, kwa mikono yake. Aliipanga ijiwashe yenyewe kila siku saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, ili akimaliza kumimina kahawa aikute tayari. Orest alifariki Oktoba. Kompyuta haikupata habari za msiba. Kila alfajiri feni yake ilikohoa mara moja, ikaanza kuvuma, na Larissa akiwa kitandani akasikia kwamba nyumba ina mtu.

Jumapili moja akakubali ifungwe. Rodel alikuja na bisibisi, akapiga magoti sakafuni, akiimba vibaya makusudi.

"Mpenzi, ukiendelea kuimba jirani ataita polisi."

"Waje, watanishikia tochi."

Akicheka hivyo, Rodel akasahau kuiwasha kwanza mashine ipate joto. Dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ilikuwa imekauka kama gundi. Alipovuta feni, prosesa ya zamani ikang'oka nayo, pini zake zimepinda. Akaweka mpya. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Ndipo akafanya wanachofanya mafundi wote: akachomoa betri ndogo, ya ukubwa wa sarafu, ambayo ndiyo huufanya ubao ukumbuke mipangilio yake. Kioo kikabaki cheusi.

"Usijali, laazizi. Faili zako ziko salama kwenye diski. Kesho nakuletea ubao mwingine."

Larissa alikuwa akiitazama ile betri mezani. "Umeitoa."

"Ndiyo, ili ubao usahau mipangilio ya zamani."

"Toka, Rodel."

"Larissa, ni ubao tu."

"Nimesema toka."

Akatoka na ile prosesa mbovu mfukoni. Kofia aliisahau, na nje baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Rodel alipopiga simu, Larissa aliiangalia ikiita mpaka ikachoka. Alfajiri aliamka saa ileile, akasikiliza, akasikia friji tu.

Wiki ya nne mlango uligongwa.

"Nimefuata kofia yangu," Rodel alisema. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Winnipeg nzima hakuna kofia nyingine?"

"Hakuna iliyo nyumbani kwako." Akafungua kiganja. Prosesa ya zamani ilikuwa humo, pini zote zimesimama wima. Alizinyoosha moja moja kwa ncha ya penseli, kila mapumziko ya chakula cha mchana. "Kosa ni langu. Soketi niliiangalia, toleo la programu sikuliangalia. Ubao ni mzima, ulikuwa tu haumjui mgeni."

Akaifunga ya zamani, kioo kikawaka. Akaulisha ubao programu mpya, akabadilisha prosesa, kikawaka tena. Kisha akakagua kumbukumbu za kuwashwa kwa mashine, akishusha kidole kwenye kioo mstari kwa mstari.

"Saa kumi na mbili kasorobo," alisema. "Kila siku, miaka sita. Hata Oktoba. Hata Novemba. Mpaka Jumapili ile niliyoifungua."

Larissa akamweleza.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Mimi? Mtu niliyelala na prosesa yako chini ya mto?" Hakucheka. "Ni dakika moja tu kuipanga tena."

"Itakuwa wewe, si yeye."

Rodel akamsogezea kiti. Akamwonyesha ukurasa wa mipangilio, na Larissa akaziandika tarakimu kwa kidole chake mwenyewe.

Alfajiri ilipofika, mashine ikawaka. Larissa alisubiri, kisha akapiga simu.

"Imeamka," alisema. "Haikohoi."

"Nilisafisha vumbi." Sauti ya Rodel ilikuwa ya usingizi, kisha haikuwa. "Larissa, nisamehe. Vumbi lile siwezi kulirudisha."

"Najua."

Alikaa kwenye kiti cha Orest, koti mabegani, feni ikivuma laini kama ya watu wengine wote. Hapo ndipo alipomlilia baba yake kama mtu aliyekufa.

"Usikate simu," alisema.

Rodel hakukata. Upande wa pili Larissa alisikia hatua, bomba la maji, kisha kahawa ikimiminwa.